Kitambaa Juu ya Feni

Ilianza kwa sauti ndogo, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Halafu ikapanda, ikakaza, ikawa mvumo mzito uliopita chini ya mlango wa sebule, ukavuka uani na kumfikia Marieta jikoni, alikokuwa ameinamia kitunguu swaumu akikifunga mafungu. Hakushtuka. Alijifuta mikono kwenye kanga, akatoa simu mfukoni mwa sweta, akaiweka juu ya gunia mbele yake.

Ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, feni ya boksi imefika mwisho wa kasi tena. Simu yangu inaniambia joto ni nyuzi hamsini na nane. Kuna kitu kimelifunika?"

"Hakuna kitu."

"Hata kile kitambaa chako?"

"Nimekwambia hakuna, Dionis. Umekula?"

Alikuwa amekula wali maharage pale karibu na ofisini. Dodoma kulikuwa na vumbi. Mafua yalikuwa yamemwacha. Mama alipokea kila neno kama mtu anayekinga maji ya mvua, na simu ilipokatika alikaa kidogo akiitazama. Kisha akaenda sebuleni, akakiondoa kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika boksi hadi mgongoni, akakikunja mara nne. Feni ikashusha pumzi. Nyumba ikarudi kuwa kubwa.

Boksi lenyewe halikuwa kubwa. Ungeyasimamisha matofali mawili pamoja, ungelipata. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, na kila kilichoandikwa katika moja kiliandikwa pia katika nyingine. Mume wake, Mwalimu Tadei, alitumia miaka ishirini kuzunguka na redio ya kaseti, kuanzia Dongobesh hapa mpaka Masieda, akiwarekodi wazee. Alipougua, Dionis alizihamishia kaseti zote ndani ya boksi, kisha akamrekodi baba mwenyewe akisema slufay, ile sala ndefu ya wazee ambayo msemaji huitoa mstari kwa mstari na waliokaa humwitikia. Mwalimu alisema sauti za hapa zibaki hapa. Zikabaki. Alipozikwa, Dionis aliliunganisha boksi na mtandao na runinga, akamfundisha mama kubonyeza rimoti, akarudi Dodoma kwenye kazi yake ya kompyuta. Akiwa huko aliweza kuona joto la boksi na kupandisha au kushusha kasi ya feni, kama vile amekaa hapo kwenye kochi.

Mara ya kwanza Marieta alilifunika kwa nia safi. Ilikuwa Juni, baridi ya Mbulu inakata masikio, na katika nyumba yenye heshima hakuna kitu kinachokaa uchi: redio ina kitambaa, runinga ina kitambaa, hata mgongo wa kochi una kitambaa. Boksi nalo akalifumia chake, chenye maua pembeni. Feni ikanguruma, na hazikupita dakika kumi Dionis akapiga, baada ya siku arobaini za kimya. Alicheka sana. Akamweleza kuwa lile dude hupumulia mgongoni, asilizibe.

Naye hakuliziba. Juma moja likapita, na la pili. Simu haikulia.

Yeye kupiga hakuweza. Shikamoo hutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyomlea Dionis, kwa fimbo ilipobidi. Mama atakayenyanyua simu kumtafuta mwanawe asalimiwe, amekuwa ombaomba wa salamu. Siku ya kumi na tano alikichukua kitambaa, akakitazama, akakitandaza juu ya boksi na kukishusha vizuri mgongoni. Kisha akaenda jikoni kusubiri.

Jirani yake Zita, ambaye walikuwa rika moja na hawakufichana mengi, ndiye aliyegundua.

"Mama Dionis, unasaga nini humo ndani? Hata mashine ya sokoni haipigi kelele hivi."

"Namwita mtu."

Zita alichungulia sebuleni, akaona kitambaa, akarudi ameshika kiuno. "We mwanamke! Si umpigie tu simu?"

"Nimpigie nimwambie nini? Nimwamkie mimi?"

"Mwambie umemkumbuka."

"Hilo halisemwi."

"Basi kaa na kiburi chako na feni yako. Nipe moto, nimekuja kuomba moto mimi."

Mara ya nne Dionis hakucheka. Nyuma yake watu walikuwa wakiongea, na alizungumza haraka haraka.

"Mama, una uhakika hakuna kitu juu yake?"

"Hakuna."

"Basi nafikiri kipimajoto chake kimeharibika. Nimeifunga feni kwenye kasi ya juu kabisa, izunguke hivyo hivyo saa zote. Na hizi taarifa za joto nimezizima, zinanisumbua katikati ya kazi. Sasa na wewe hutasumbuliwa tena na simu zangu."

Alisema hivyo kwa upendo. Hilo ndilo lililomuuma Marieta.

Tangu siku hiyo feni haikushuka. Ilivuma asubuhi akinywa chai, ikavuma mchana akianika kitunguu, na masikioni mwake ilikuwa kama mkutano mzima unaoitikia slufay ilhali msemaji hayupo. Alilifunika boksi kwa kitambaa. Simu kimya. Siku ya pili akaongeza kanga. Kimya. Siku ya tatu, saa nane mchana, akafungua sanduku, akatoa blanketi la Mwalimu, lile la kijivu alilojifunika mpaka mwisho, akalizungushia boksi kama anavyofungwa mtoto mgongoni. Akakaa kwenye kochi na simu magotini.

Mvumo ukawa mzito, ukiwa mbali kama gari linalopanda mlima. Kisha boksi likalia pii, pii, pii. Feni ikasimama.

Hakuwa amejua kimya kinaweza kuwa kikubwa kiasi kile. Alisikia kuku wakiparua nje. Akalivua blanketi, akaligusa boksi, akarudisha mkono upesi. Lilikuwa na joto la chungu kilichotoka jikoni. Akashika rimoti, akabonyeza kama alivyofundishwa, akabonyeza tena. Runinga haikupata kitu. Hapakuwa na wazee, wala slufay, wala kile kikohozi kidogo ambacho Mwalimu alikuwa anakitoa kabla ya kuanza.

Akapiga simu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mtoto aondoke.

"Mama? Kuna nini?" Hata shikamoo alisahau.

"Nimemfunika baba yako," Marieta alisema.

Dionis alifika kesho yake alasiri, macho mekundu kwa safari. Aliona blanketi limekunjwa kwenye kochi, kanga juu yake, kitambaa juu ya kanga. Alipiga magoti, akafungua boksi, akachomoa diski moja, akairudisha, akachomoa ya pili. Marieta alisimama nyuma yake, mikono ndani ya sweta.

"Hii imekufa," Dionis alisema. "Tuombe Mungu hii nyingine." Kisha yakamtoka: "Nilikuuliza mama! Nilikuuliza mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na kila mara ukasema hakuna kitu!"

"Na kila mara ulipiga."

Bisibisi ikabaki hewani mkononi mwake. Alikitazama kitambaa, akamtazama mama yake, na Marieta akaona usoni pake kuwa anahesabu: siku arobaini, siku kumi na tano, zile wiki zote nyingine. Dionis akainamisha kichwa, akarudi kwenye kazi yake.

Aliliwasha. Feni ikazunguka. Wakangoja muda mrefu, mpaka runinga ikaonyesha majina ya wazee, moja chini ya jingine, na mwisho kabisa jina la Mwalimu. Marieta akabonyeza mwenyewe. Kikasikika kikohozi. Kisha sauti ikaanza, mstari wa kwanza, na pale ilipotua, mama na mtoto waliitikia pamoja bila kutazamana.

Dionis alikuwa na ruhusa ya siku moja tu. Asubuhi aliweka diski mpya, akafungua mipangilio kwenye simu yake. "Feni nikuwekee kasi gani? Naweza kuishusha usiisikie kabisa."

"Iache ya kati. Niisikie kidogo."

"Na taarifa nimeziwasha."

"Hutazihitaji."

Alimsindikiza hadi getini. Ukungu ulikuwa bado umelala mashambani, na nyuma yao feni ilivuma kwa mbali. Dionis alishika begi lake. Marieta akamrekebisha kola ya koti, akaishikilia.

"Nisikilize, Dionis. Sitamfunika tena baba yako. Siku nyumba ikinizidi, nitakupigia mimi, nitasema nimekukumbuka. Shikamoo utanipa baadaye."