Mguu wa Kigango

Ungemwona Danson Kazungu akiwafundisha watoto wa shule, shati limepigwa pasi, sauti ya chini, usingeamini mikono ile ingeweza kupasua kichwa cha mtu. Basi sikiliza.

Alikuja Riyadh kama mlinzi, kwenye jumba dogo la makumbusho pale Olaya, mali ya tajiri mmoja, Abu Talal. Siku moja akamsikia mwelekezaji akiwaambia watoto kwamba ngao ya Kimaasai ni sinia la nyama. Uzalendo ukamshinda, akamkosoa hapohapo kwa Kiarabu cha kuungaunga. Badala ya kufukuzwa akapewa kazi ya kuongoza masomo kuhusu wenyeji wa asili: Waaborijini wa Australia, Waogieki wa Kenya, na watu wake mwenyewe, Wagiriama. Sharti lake lilikuwa moja. Kabla mtoto hajagusa kitu, atajiwe kwanza wenyewe ni nani.

Kisha kikaja kigango. Yeye na Fidel, seremala wa jumba hilo, mtu wa Bungoma aliyekaa naye chumba kimoja, walitumwa na bosi wao Abu Talal kukifuata Jeddah, mtaa wa Ruwais, wakakikuta sebuleni kwa mtu kimetundikwa funguo za gari. Danson alitamani kumtandika mwenye nyumba. Kigango si pambo, jamani. Ni mti uliochongwa, Wagiriama huusimika ardhini kwa ajili ya mzee wao aliyekufa, na koma wake, yaani roho yake, hukaa hapo. Ukishasimikwa haung'olewi. Mwizi aliyeung'oa huu, Mungu ndiye anayemjua. Mzee huyo hakuwa babu yake Danson, lakini alikuwa babu wa mtu.

Danson alipodai kirudishwe kwao, bosi akaapa: fundisha hadi Ramadhani, kisha nitakirudisha Kenya mwenyewe. Danson akapiga simu kwao Kaloleni. Wazee wakamsisitizia jambo moja tu, kwamba mguu wa kigango, ile ncha ya chini inayoingia ardhini, usiguswe, maana bila mguu hakisimamiki tena, na koma atabaki kutangatanga.

Asubuhi moja, basi la shule likiwa njiani, Danson akaingia stoo akamkuta Fidel amekilaza kigango mezani, msumeno mkononi. Kabati jipya la kioo lilikuwa fupi. Kigango kimezidi shubiri moja.

"Unafanya nini?"

"Bosi amesema nikate huku chini. Kumeoza, bro. Ni mti tu."

"Weka huo msumeno chini, Fidel."

"Na ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, bosi akiifuta utanipa wewe?" Fidel akauinamia mti.

Danson hakuona rafiki tena. Alimrukia akamtwanga ngumi ya mdomo, jino likatoka. Fidel naye si wa kuchezewa. Akampiga goti la tumbo, akamkandamiza shingo kwenye ukingo wa meza mpaka macho yakamtoka, na msumeno ukamchana bega. Damu chapachapa. Wakabingirika sakafuni, meza ikapinduka na kigango juu yake, wakaumana, wakapigana vichwa, watu waliokula sufuria moja miaka mitatu. Fidel akawahi kusimama, akainua msumeno. Danson, damu imemziba macho, akapapasa chini, mkono ukashika kitu kizito, akakizungusha kwa nguvu zake zote.

Kilimpata Fidel juu ya sikio. Akaanguka.

Danson akajifuta macho, akatazama alichoshika. Mguu ulikuwa mzima. Kichwa cha mzee, kile kiduara chenye macho na pua, kilikuwa kimekatika shingoni na kuruka hadi chini ya rafu. Akapiga magoti akalia kwa sauti, na aibu yake ni kwamba hakuwa akimlilia Fidel.

Bosi akaja na walinzi wawili. Fidel akabebwa akikoroma, damu ikimtoka puani. Bosi hakugomba hata kidogo. Aliokota kile kipande kirefu, akakisimamisha ndani ya kabati. Kikaingia sawasawa.

"Halas, imekwisha," alisema. "Kichwa weka hapo pembeni. Polisi mafi, hakuna polisi, ukifunga mdomo wako. Watoto wamefika, yalla, haraka."

Danson akanawa uso, akavaa koti juu ya jeraha. Watoto thelathini walikuwa wamekaa kwenye zulia wakimngoja. Akaanza kama kawaida, huyu ni mzee wa Wagiriama, wenyewe wako Kilifi.

Msichana wa mbele akanyoosha kidole kwenye shingo, mahali mti ulipokuwa mweupe bado.

"Ustadhi, nani alimkata?"

Bosi alikuwa amesimama nyuma yao, amekunja mikono, anamkazia macho.

"Mimi," Danson akasema. "Nilimshika mguu, nikampiga naye rafiki yangu. Sasa hivi tu, chumba cha pili."

Mwalimu wao akaanza kuwainua watoto mmoja mmoja, akiwarudisha nyuma kuelekea mlangoni.