Rili ya Dhahabu na Rili Nyeusi

Baba aliziweka zote mbili juu ya meza, akapangusa mikono kwenye suruali, akasema, "Dorca, chagua kwanza."

Mama Caren aliacha kumenya viazi. Yeye ndiye mikayi, mke wa kwanza, na katika boma letu nyumba yake hutangulia katika kila jambo: kupanda mahindi, kuvuna, hata kupakuliwa nyama. Mimi nimemzidi binti yake, Caren, kwa umri, lakini mama yangu aliolewa wa pili, kwa hiyo nimekua nikipokea kilichobaki.

"Tangu lini, Baba Caren?" aliuliza.

"Tangu leo. Huyu ndiye huziosha."

Rili ni kile kigurudumu cha chuma kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kukunja uzi. Hizi mbili ni za zamani, zilitengenezwa kwa samaki wa baharini. Mgeni mmoja aliyezoea kuvua pwani alimwachia Baba, na tangu hapo Baba amekuwa akizitumia kuwapeleka watu wa mjini kuvua mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani. Boti huenda taratibu kutoka ufuko wetu wa Dunga, na samaki wa plastiki huburutwa nyuma mpaka mbuta adanganyike. Sasa mgongo umemshinda. Ataendesha boti tu. Mmoja wetu atakaa na wageni, awafungie ndoano, awasaidie kuvuta. Nafasi ni moja. Jumamosi tungejaribiwa sote wawili, kila mmoja na rili yake na mgeni wake.

Niliitaka sana nafasi hiyo. Huwa nakaanga samaki ufukweni, na wateja wakianza kunipigia kelele, sauti hunikwama kooni. Kwenye boti ninapoenda na Baba hakuna anayenipigia kelele. Huko napumua.

Rili nyeusi ilikuwa nyembamba, imekwaruzwa kila mahali, mpini wake umelegea kidogo, lakini ilizunguka laini kabisa. Nilipokuwa nikiiosha niliizungusha bila sababu, niisikie tu. Ya pili ilikuwa pana na nzito, pande zake rangi ya dhahabu, na breki yake ina umbo la nyota. Nilijua ninayoitaka: ile nyeusi.

Kisha nikamtazama Caren. Macho yake yalikuwa yamenasa kwenye ile ya dhahabu, hata mdomo alisahau kuufunga. Huyu Caren amemaliza shule. Mimi niliishia darasa la sita. Akipita ufukweni vijana wanamwita kwa jina, na mimi nikiwa nyuma yake wananiita "yule mwingine". Nikaona tayari picha yake amekaa mbele ya boti na kile kitu kinang'aa mapajani mwake.

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikachukua ya dhahabu.

"Haya basi," Caren akacheka, "nyamera, dada yangu, ameamua kuolewa na rili." Akaichukua nyeusi, akaizungusha mara moja, akainua nyusi.

Baba alinitazama. "Una uhakika?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Jumamosi alikuja Bwana Muchiri, mwenye duka la mabati mjini, pamoja na dada yake, Wanjiru. Caren akapewa Muchiri, mimi nikapewa Wanjiru. Kabla hatujafika mbali Caren alikuwa ameshawachekesha wote.

"Bwana Muchiri, shika imara. Mbuta wa huku akikuangalia hivi, ni yeye anakuvua wewe."

"Akinivua, atanilisha nini?"

"Omena, hawa dagaa wetu! Utapata wapi kingine huko chini?"

Hata Baba alicheka. Mimi nilimwonyesha Wanjiru mahali pa kushika, nikamfungia ndoano.

Mbuta wa kwanza alishika uzi wetu. Fimbo ilijipinda, na Baba akazima injini. "Zungusha, Mama! Zungusha!"

Wanjiru akazungusha kwa nguvu zake zote. Sasa, rili hizi za zamani hazina kitu cha kuupanga uzi. Unapokunja, lazima kidole gumba kiusukume kushoto na kulia, usirundikane mahali pamoja. Ile nyembamba husamehe kidogo. Hii pana haisamehe. Maneno ya kumwambia Wanjiru nilikuwa nayo, mafupi tu. Lakini wakati huo Caren alikuwa ameweka mkono begani kwa Muchiri, anamwambia jambo sikioni, Muchiri anacheka, na mimi nilikuwa nikiutazama ule mkono.

Nilipogeuka uzi ulikuwa umerundikana upande mmoja hadi kugusa chuma. Gurudumu likakwama. Mbuta akavuta mara moja tu, na uzi ukakatika.

"Si ungeniambia?" Wanjiru aliuliza, wala hakuuliza kwa ubaya. Bora angenitukana.

Mbuta wa Muchiri aliingia botini baadaye kidogo, mkubwa, anapigapiga mkia. Caren alimnyanyua wapigwe picha. Tulipofika Dunga, Muchiri alimsogelea Baba. "Mzee, siku nyingine tukija, tupatie huyu," akasema, akimwonyesha Caren kwa kidevu. Baba akakubali. Hakunitazama, na nilijua ni kwa huruma.

Jumatatu nilikuwa jikoni ufukweni nikichochea moto, Caren akaja na rili nyeusi mkononi.

"Shika," akasema. "Tubadilishane. Baba anasema hii ndiyo ulikuwa unaitaka, siku ile ulikuwa unaangalia uso wangu tu."

Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Nilitaka kuichukua. Pia nilijua kwamba yeye akipanda boti na ile ya dhahabu, uzi utamkwama kama ulivyotukwama sisi, na Muchiri ataacha kucheka. Ningenyamaza tu, nafasi ingekuja yenyewe. Lakini nikawaza nitakavyokaa nikizungusha rili ambayo Caren amenipa, kila mtu akijua ni Caren amenipa.

"Baki nayo," nikasema. "Sitaki rili yako. Nataka kiti chako."

Caren alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akashikilia nguzo. "Wuololo! Kumbe una mdomo! Na umeuficha wapi siku zote?" Akaitia rili kwapani. "Basi njoo ukichukue, nyamera. Mimi sikupi."

"Nitakuja."

Muchiri alipokuja tena, walimchukua Caren. Mimi nilifunga ncha ya uzi wa rili ya dhahabu kwenye mpera ulio nyuma ya jiko, nikarudi nyuma hadi karibu na maji nikiuachilia, kisha nikaanza kukunja nikiuelekea mti, kidole gumba kikisukuma kushoto, kulia, kushoto. Ulipojaa upande mmoja niliachilia wote, nikaanza upya. Kicheko cha Caren kilikuwa kinanifikia kutoka majini. Kila alipocheka nilizungusha kwa nguvu zaidi, na ngozi ya kidole ilikuwa imeanza kuchubuka.