Shati la Zebedayo

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi Yudith alipiga debe kwenye uwanja wa shamba la mkonge, upande wa Pongwe, mpaka mwewe waondoke, ndipo eropleni ndogo ya meneja itue. Kazi hiyo alipewa baada ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kumponda mumewe Zebedayo mkono wa kulia. Jumamosi ya kuamkia Pasaka walimpakia kwenye eropleni hiyohiyo, akapelekwa Dar es Salaam. Sasa mahindi yalikuwa yanakaribia kuvunwa.

"Yuko matibabuni," karani Uweso alimjibu kila alipouliza.

Alhamisi moja mwewe aligonga pangaboi. Rubani akafuta damu. Yudith alimwokota yule mwewe, akakuta kifungo kwenye kucha zake, kina uzi wa buluu. Uzi ule aliutia yeye mwenyewe kwenye shati la Zebedayo, siku ambayo uzi mweupe ulimwishia.

Wiki ya pili akapiga debe taratibu. Mwewe akaleta kola. Ya tatu hakupiga kabisa. Ukaja mkono wa kushoto wa shati, una jasho la Zebedayo na harufu ya mkonge. Yudith alilala nao.

"Leo mgongo," rubani alisema wiki iliyofuata, akimkabidhi kilichokwama kwenye bawa. "Meneja anasema piga debe kwa nguvu, la sivyo atatafuta mwingine."

"Ahsante, bwana."

Jirani yake Bertha alimtazama akishona. "Mwambie alete na suruali, mwenzangu. Atarudije na shati tupu?"

Suruali haikuja. Badala yake mwewe alileta kibao cha msalaba: jina la Zebedayo, na tarehe ya Jumatatu ya Pasaka. Yudith akakipeleka ofisini.

Uweso alikisoma mara mbili. "Cha kaburi hiki, mama, kweli. Lakini barua haijafika."

"Mwewe amefika."

"Mwewe hana muhuri." Akafungua daftari, akaandika tena: matibabuni.

Mchungaji naye alisema hawezi kumzika mtu aliye matibabuni. Basi watu wa kambi wakazika wenyewe shati na kibao, wakaimba kwa sauti ndogo. Ule mkono wa kushoto Yudith aliubakiza.

Alhamisi akaenda uwanjani. Eropleni ilisikika kwa mbali, na juu mwewe walikuwa wengi. Akaligeuza debe, akalikalia, akatega sikio. Sauti ya Zebedayo ilikuwa bado haijaletwa.