Sanduku la Endahari Mjini

Siku ya mnada Marieta hupanga vitunguu saumu vyake juu ya gunia mbele ya duka la pembejeo, na ikikaribia saa nne asubuhi hulivuta gunia pembeni kidogo ili mume wake apate pa kupita. Asubuhi ile ya Juni alifanya hivyo hivyo. Baltazar alitokea upande wa machinjioni akiwa na shati lake jeupe la kazi, amekumbatia sanduku la kura kwa mikono miwili, matope yamemfika magotini. Wauza mbuzi walimpisha. Alisimama kwenye mlango wa duka akauliza kama msimamizi wa uchaguzi ameshafika. Mwenye duka, huku akimpimia mteja mbolea, alimjibu, bado, mwalimu. Baltazar alishukuru, akasubiri kidogo kivulini, kisha akaondoka na sanduku lake kwa njia aliyojia.

Alikuwa amekufa tangu uchaguzi wa mwaka 2010.

Duka lile zamani lilikuwa ukumbi, na ndimo kura zilimojumlishwa Endahari ilipokuwa na jimbo lake. Jimbo la Endahari Mjini lilizaliwa mwaka 1995, mji ulipotengwa na vijiji vinavyouzunguka. Watu walichinja ng'ombe, padri akabariki ofisi ya mbunge. Mji wenyewe ulikuwa na barabara moja, sekondari, machinjio na stendi ya mabasi ya Haydom na Katesh, lakini ulikuwa na mbunge wake, na wenyeji walizoea kulitamka neno "Mjini" kwa kulivuta kidogo. Jimbo likafa mwaka 2015, kwa tangazo la redio lililosomwa kati ya bei ya mahindi na taarifa ya hali ya hewa. Wakazi hawatoshi, linarudishwa vijijini. Safari hii hakuna aliyechinja. Ukumbi ulipangishwa kwa muuza mbolea, na kibao cha ofisi ya mbunge kikawa mlango wa banda la kuku la jirani yake Marieta.

Katika uchaguzi wa mwisho wa jimbo hilo, Baltazar, mwalimu wa shule ya msingi, alisimamia kituo cha sekondari. Upande ule wa mji ulikuwa umemchoka Nikolausi, mbunge aliyekuwa akitetea kiti, na haukuficha. Kura zilitakiwa kuhesabiwa palepale kituoni. Lakini taa iliishiwa mafuta, na kabla hajapatikana mtu wa kwenda kununua mengine ikaja amri kwa simu kwamba sanduku lipelekwe ukumbini, likahesabiwe huko. Gari lilikuja kumchukua Baltazar na sanduku lake. Kutoka sekondari hadi ukumbini hata mwenye mguu mbovu hutembea bila kupumzika njiani. Gari halikufika. Asubuhi Nikolausi alitangazwa mshindi kwa kura chache, na waliouliza habari za kituo cha sekondari walijibiwa kwamba sanduku halikupokelewa, kwa hiyo halikuwepo.

Mvua zilipokatika, Baltazar alirudi, siku ya mnada, na sanduku mikononi. Udongo wa Endahari ni mwekundu. Matope ya miguuni mwake yalikuwa ya kijivu, yenye ukoko mweupe wa chumvi, na hayakukauka hata Agosti. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka ng'ombe bondeni kulamba magadi aliyajua matope yale yametoka ziwa gani. Watu waliyaona, wakayatambua, wakaacha kuyataja.

Mara ya kwanza Marieta alimwomba aje nyumbani ale. Baltazar alimwambia sanduku la kura haliingizwi nyumbani kwa mtu, na halitui chini mpaka lipokelewe. Basi akawa anampelekea makande pale mnadani, anamlisha kwa kijiko, mikono ya mume wake ikiwa imeshika sanduku. Waliopita waliwatakia chakula chema.

Mwaka jana Marieta alimpangisha chumba cha mbele dada mmoja kutoka Iringa, Frida, aliyepangiwa kazi Endahari kama afisa uchaguzi. Siku yake ya kwanza mnadani Frida alimsalimia Baltazar shikamoo, akaitikiwa, na jioni akauliza kwa nini mzee hapokelewi. Marieta alimweleza kwamba anayeweza kupokea ni msimamizi wa jimbo la Endahari Mjini, na jimbo hilo halipo. Frida akaendelea kuchambua mboga.

Ndipo zikaja habari kwamba majimbo yatagawanywa upya, na Endahari inaweza kurudishiwa lake. Marieta alihudhuria kila kikao. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, lakini alisimama akasema mji unahitaji mbunge wake. Hakutaja sanduku. Wiki ile ile Nikolausi alikuja kwake na mfuko wa sukari. Alikuwa amestaafu, ila bado aliitwa Mheshimiwa, na kila mtu alijua kwamba jimbo likirudi atamsimamisha mwanawe. Aliketi, akasifu chai, akauliza habari za Evaline, binti yake Marieta aliyeolewa Babati. Kisha akashusha kikombe.

"Mama Evaline, mwambie mzee apumzike. Jimbo likirudi, nataka lirudi safi."

"Mikono yake imejaa, Mheshimiwa," Marieta alisema. "Atapumzikaje?"

Nikolausi aliinuka akaaga. Alipoondoka aliacha mlango wa uani wazi, na kuanzia hapo Marieta akawa anaufunga kwa komeo hata mchana.

Jimbo halikurudi. Redio ilisema wakazi bado hawatoshi. Marieta alimwomba Frida ampokee mume wake kwa jina la jimbo lolote lile. Frida alimpigia simu mkubwa wake, naye akamwambia kwamba kupokea sanduku la jimbo lisilokuwepo ni kuanzisha jimbo, na kwamba yeye Frida bado ana mwaka mmoja wa majaribio kazini. Kwa siku kadhaa Frida alikula chumbani kwake, mlango umefungwa.

Siku ya mnada uliofuata alitoka na meza. Aliiweka mbele ya duka la pembejeo, akaketi.  Watu walianza kusogea, mbuzi wakaachwa na kamba zao. Nikolausi alikuwa kwenye gari lake ng'ambo ya barabara, kioo kimeshushwa. Baltazar alifika, akauliza kama msimamizi wa uchaguzi ameshafika.

"Nimefika, mwalimu," Frida alisema. "Samahani kwa kuchelewa."

"Jimbo gani?"

"Endahari Mjini."

Baltazar alilitua sanduku mezani. Vifungio vilikuwa vizima. Walihesabu mbele ya watu wote, Frida akinyanyua kila karatasi na kuisoma kwa sauti, na karatasi zilikuwa kavu kabisa. Ilipofika saa ya chakula ikajulikana kwamba Nikolausi alishindwa, tena vibaya. Mshindi alikuwa Bi Hilda, mpinzani wake wa mwaka ule, aliyekwisha kufa kwa ugonjwa wa sukari na kuzikwa Mogitu. Frida alimtangaza. Mtu mmoja akapiga makofi, akaacha.

Nikolausi alishuka garini. Alimpongeza marehemu Hilda, akawashukuru wananchi kwa utulivu, akakumbusha kwamba muda wa kulalamikia matokeo uliisha zamani, na mahali pa kuyalalamikia napo pameisha. Halafu alirudi garini. Watu waliendelea na mbuzi wao.

Baltazar alibaki ameshikilia hewa, mikono imejikunja kama bado imebeba. Marieta alimshika kiwiko, wakaenda nyumbani. Alimkalisha kwenye kiti cha uani na kumnawisha miguu, na matope hayakutoka. Ndipo akamuuliza swali alilolibeba miaka yote bila kupata mahali pa kuliuliza.

"Nani alikuwa anaendesha gari usiku ule?"

"Didas," Baltazar alisema. "Nilimfundisha darasa la tatu. Alilia njia nzima, lakini hakusimama."

Didas alikuwa na basi sasa, linalopeleka wagonjwa hospitali ya Haydom kila asubuhi. Kanisani huketi benchi la mbele ya Marieta, na wakati wa kutakiana amani humgeukia yeye kwanza.

Marieta alikwenda kituo cha polisi. Ofisa wa zamu alimsikiliza kwa adabu, akauliza shahidi ni nani. Marieta akasema ni marehemu mwenyewe, yuko nyumbani, ataletwa hata leo. Ofisa akasema maelezo ya marehemu yanapokelewa, hakuna tatizo, ila aje na kitambulisho. Marieta alikitoa kwenye kanga. Ofisa alikigeuza, akakirudisha. Kadi ilikuwa ya mpigakura wa Endahari Mjini, na jimbo hilo, alisema, mama, halipo. Kuhusu ziwa, liko wilaya nyingine.

Mwisho wa mwezi Frida alipata uhamisho wa kwenda mbali. Marieta alimfungia vitunguu saumu vya safari, wakaagana stendi.

Jumapili baada ya misa, Marieta alikuwa uani akipepeta maharage, Baltazar kwenye kiti chake. Didas alipita kwa miguu nje ya uzio. Alikuwa ameota mvi, na kwa sura sasa alimzidi Baltazar umri. Alimwona mwalimu wake, akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

Ungo ulitulia mikononi mwa Marieta.

"Marahaba," Baltazar alisema. "Hujambo, Didas?"

"Sijambo, mwalimu." Aliikunja kofia, akaikunjua. "Ukiwa na safari ya Haydom, kiti kipo. Sitakutoza."

Baltazar alimshukuru, akasema leo hapana, labda siku nyingine. Didas akavaa kofia yake akaendelea na njia, na Marieta, alipoona ameshapita kona, akaanza tena kupepeta.