Waya wa Gari

Vancouver tunaishi kwenye chumba kimoja chini ya nyumba ya watu, na jiko tunatumia kwa zamu na familia nyingine mbili. Kwa kodi hiyohiyo, dada yangu Luningning amepanga nyumba nzima huku Edmonton. Ndiyo maana mume wangu Rodel alikuja huku kufanya usaili wa kazi, nami nikamfuata.

Asubuhi ya usaili gari letu liligoma kuwaka kwa baridi. Dada alitoka nje, akacheka.

"Shemeji, hukuchomeka waya wa kupasha injini? Huku gari halilali bila umeme!"

"Kwetu ni mvua tu, shemeji. Ningejuaje?"

Jirani wa dada ndiye aliyempeleka Rodel kwenye usaili. Rodel alirudi mchana, masikio mekundu kwa baridi, akaketi bila kuvua koti.

"Kazi wamenipa," aliniambia. "Lakini baridi hii itaniua. Turudi zetu Vancouver?"

Mimi si msemaji. Niliitazama sufuria yangu ya wali ikichemka peke yake jikoni kwa dada, bila mtu kusimama nyuma yangu akisubiri zamu.

"Nimechoka kupika kwa foleni," nilimjibu. "Kanunue waya."