Kiwavi Katika Picha ya Mchenza

Kiwavi wangu alikuwa na miguu ishirini na miwili na tabasamu. Nilimpandisha, kwa wino usiofutika, juu ya jani la mchenza ambao mama yake Bibi aliuchora miaka themanini iliyopita. Naungama kwamba wakati ule niliihesabu kazi hiyo kuwa mchango wangu kwa sayansi. Shule ya bweni ilikuwa imefunga, na akili isiyo na kengele hujitafutia kazi.

Picha ilitungikwa tangu zamani katika chumba cha kukaushia maganda ya machenza, ambayo hapa kwetu Xinhui ni dawa: tawi, ua, chenza zima, na chini yake ganda lililopasuliwa mapande matatu yaliyoshikana kitakoni, kama tunavyopasua sote ili dawa ijulikane imetoka kwetu. Pembeni uligongwa muhuri wa duka la mume wa mchoraji. Jina la mwenyewe halikuwepo.

Nisilolijua wakati ule ni kwamba jumba la makumbusho la wilaya lilikuwa limekubali kuipokea picha na kuandika chini yake, kwa mara ya kwanza, jina hilo: Luk Sau-Han. Bibi alikuwa ameomba hilo kwa miaka sita.

Bwana Tam wa makumbusho alikuja Alhamisi. Akainama na kioo cha kukuzia mpaka chai yake ikapoa.

"Bi Mkubwa, marehemu mama alikuwa mcheshi?"

"Mama? Alicheka siku alipoolewa dada yake, basi. Kwa nini?"

"Kuna jongoo anatuchekea hapa."

"Ni kiwavi," nikasema. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo ulinivunja mgongo.

Wakanigeukia wote wawili.

"Wino ni mpya," Bwana Tam akasema polepole. "Tukiipokea hivi, watu watasema hata kilichobaki si chake. Utuwie radhi, Bi Mkubwa."

Bibi hakunipiga, angenipiga ningejua pa kujishika. Alimsindikiza mgeni, akarudi, akapitisha kidole chini ya fremu, pale ambapo jina lingekaa. Kwa siku mbili tulipasua machenza. Nilitunga kichwani hotuba tatu za kuomba radhi, zote zenye utangulizi na hitimisho.

Siku ya tatu aliniwekea mezani karatasi, brashi ya mama yake, na bakuli lenye tawi bichi. Juu ya tawi alikaa kiwavi wa kijani, mnene kama mwalimu wetu wa nidhamu.

"Hesabu miguu, A-Lam."

"Jozi nane, Bibi."

"Wewe ulimpa kumi na moja. Ulikuwa unamtuma wapi?"

Nilimgusa kwa ncha ya brashi. Akachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa na harufu iliyonirudisha nyuma na kiti changu. Bibi akatazama kando. Mabega yakamtikisika kidogo.

"Chora."

"Bibi, mimi ndiye niliye..."

"Najua ni nani. Chora."

Nilianza na jani, nikidhani ndilo jepesi. Lilikuwa na vitone vya mafuta, vidogo kuliko vumbi, vilivyopitisha mwanga. Nikainua macho ukutani: Sau-Han alikuwa amevichora, kimoja kimoja. Niliporudi kwenye bakuli, kiwavi alikuwa amekwisha kula ukingo wa jani. Nikaharakisha brashi. Kila nilipotazama, jani lilikuwa limepungua.