Supu Nyeusi ya Otylia

Salomea alifika kwa Gaudenty asubuhi, theluji ingali mabegani, kuchukua barua ambazo marehemu dada yake alimwandikia mzee huyo ujanani. Otylia alikuwa ameomba azikwe nazo kifuani, na maziko yalikuwa kesho.

"Zote, Bwana Gaudenty," alisema. "Usinifiche hata moja."

Gaudenty akazimwaga mezani. Kila barua ilikuwa na mchoro wake wa kuchekesha: Gaudenty ana masikio ya punda, Gaudenty kapiga goti suruali ikapasuka, Gaudenty anakimbizwa na bata bukini. Ujanani alizicheka hadi machozi. Sasa zilimtisha. Miaka yote hii, kila alipokaa kula peke yake, alihisi kuna mtu nyuma ya kiti anamchora.

"Na hii? Mbona hujaifungua?"

"Nililetewa siku ile ya supu, nimeshapanda farasi."

Salomea hakuhitaji kuelezwa. Kwa desturi ya kwao, mposaji akiwekewa supu nyeusi ya damu ya bata na siki, amekataliwa. Huinywa, hushukuru, huondoka bila kuuliza. Gaudenty aliinywa, wala hakumtazama Otylia usoni. Wiki ile ile akahama mji bila kuaga. Hasira hasara, wanasema. Kiburi ni zaidi.

"Kufukuzwa mara moja kunatosha, Bi Salomea. Ya nini nikafukuzwe tena kwa wino?"

"Fungua tu. Kesho itakuwa chini ya udongo."

Akabandua lakiri. Alichorwa yeye mbele ya bakuli jeusi, macho yamemtoka kama chura. Chini ya meza kajificha Otylia, kaziba mdomo asicheke. Pembeni ameandika: "Maliza bakuli, mpumbavu wangu. Supu nimeipika mimi. Baba amekubali tangu jana."

Harufu ya siki na damu ikajaa chumbani, na jikoni hapakuwa na moto. Nyuma ya kiti mtu akacheka kidogo.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu." Salomea alikuwa analia. "Alikungoja dirishani mpaka nywele zikawa nyeupe. Tukimwambia aolewe na mwingine, anasema: yule ni mzito wa kuelewa utani, lakini ataelewa tu."

Gaudenty aliinuka, akapapasa ukutani kutafuta koti lake. Alitaka kufika kabla jeneza halijapigiliwa misumari, amwambie kwamba ameelewa.